Punje za Bluu za Itipula

1

Kinu kilitema punje sabini na moja za bluu, na Mwenyekiti Eusebio Chengula akasema kimevimbiwa.

"Kitingishe," alimwambia Alatanga. "Labda kimebanwa mahali."

"Hakitingishwi, Mwenyekiti. Hiki si mkebe wa chumvi."

"Basi kipige kidogo ubavuni. Redio ya marehemu baba ilikuwa inapona hivyo hivyo."

Alatanga Mgaya, mwendesha Kinu wa kijiji cha Itipula, hakukipiga. Aliinama juu ya ungo akaendelea kuchambua, za bluu huku, nyeupe huko, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nje ya ofisi ya kijiji ukungu wa Februari ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, ukungu wa Njombe wenyewe, ule ambao ukitundika koti lako hewani alfajiri linabaki hapo hapo bila msumari mpaka saa nne jua litakapoliangusha.

Siku zile kila kijiji cha nyanda za juu kilikuwa na Kinu chake. Kinafika kiunoni, kina umbo la kinu cha kutwangia hasa, ila ni cha chuma na hakina mchi. Unakimwagia kiganja cha udongo wa mashamba yenu, unakiambia mteremko ukoje, mbegu gani, na mifuko mingapi ya mbolea kwa kila eka. Mengine hakijui, na hakijifanyi kujua. Hakijui mvua itanyesha kiasi gani. Hakijui udongo utaishika mbolea au utaiachia iteremke mtoni. Kwa hiyo kinabahatisha: kinaulima msimu mzima kwa mvua fulani, kinauvuna, kinaufuta, kinaulima tena kwa mvua nyingine, mpaka mara elfu moja, wakati wewe unamenya kiazi. Kila msimu uliolimwa unadondoka chini ukiwa punje ya kioo. Nyeupe, maji ya bonde yamebaki salama. Bluu, chumvi ya mbolea imeingia kwenye maji ya kunywa. Chumvi hiyo haionekani wala hainusiki. Mtu mzima anaimeza na kwenda zake, lakini mtoto mchanga akikorogewa maziwa kwa maji hayo, midomo yake inageuka rangi. Waliotengeneza Kinu hawakuchagua bluu kwa ajili ya urembo.

Sheria ya Mamlaka ya Bonde ilikuwa nyepesi kukariri: katika punje elfu, za bluu zisizidi hamsini. Zikiwa chini ya hapo, mwendesha Kinu anabonyeza kidole gumba ubavuni mwa Kinu, na ghala la mbolea linafunguka lenyewe. Bila gumba lile ghala halifunguki hata ulipige shoka. Mwenyekiti alishawahi kulipiga.

"Mifuko minne kwa eka ndiyo inatoa viazi vya hoteli," alisema sasa, akizunguka chumba. "Wenye hoteli wamesema wazi. Hawataki vidogo."

Hoteli yenyewe ilikuwa inazunguka dunia, juu kabisa, juu ya mawingu na juu ya ndege, na wageni wake, wakishamaliza kushangaa nyota, walikuwa hawataki kingine ila chipsi. Viazi vidogo vilikuwa vinawasumbua wapishi. Kule juu kitu hakina uzito, na kiazi kidogo kikimponyoka mpishi kinaelea mpaka chumbani kwa mgeni aliyelala. Walitaka viazi vikubwa kama kichwa cha ndama, vya kukumbatia kwa mikono miwili. Itipula ilikuwa imepata zabuni hiyo baada ya kuisubiri miaka, na watu walikuwa wameshaanza kuchagua rangi za mabati.

Mama Tuzo, mwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri habari za mbolea kama wenzake. Akachungulia ungo.

"Sabini na moja," alisema. "Hivi hicho kidude kimeambiwa kuhusu mianzi yetu?"

Mwenyekiti alikohoa.

"Mianzi ipi?" Kinu kiliuliza. Kilikuwa na sauti ya adabu, kama ya katekista mgeni.

"Ya kando ya mto. Inakunywa mbolea yote inayoteremka. Mnadhani ulanzi wangu ni mtamu kwa sababu ya uso wangu?"

"Kando ya mto," kilisema Kinu taratibu, "kumbukumbu zangu zinaonyesha makaburi elfu nne na mia mbili. Itipula ina watu mia tisa. Nimekuwa nikitaka kuuliza kwa muda mrefu, lakini nilihofia kwamba msiba bado ni mbichi."

Alatanga aliacha kuchambua. Akamgeukia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akageukia ukuta.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ya nyuma, mitambo ya ushuru ilipokuwa ikija kuruka juu ya bonde kuhesabu vichaka vya mianzi inayogemwa ulanzi, Mwenyekiti alikesha na seremala wakichomeka msalaba kwenye kila kichaka. Mitambo ile ilikuwa imefundishwa kuwaheshimu wafu. Ikifika juu ya makaburi inayaandika kwenye kumbukumbu za bonde, inainua macho na kupita kimya. Itipula haikulipa ushuru wa ulanzi tena, na kila kichaka kikabaki na jina la marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Mimi huwa nagema kwa marehemu Yeremia," Mama Tuzo alisema. "Mwaka huu anatoa vizuri kuliko mkewe."

"Mwenyekiti," Alatanga alisema, "miaka yote hii Kinu kinadhani kingo za mto ni tupu!"

"Niliwaheshimu marehemu."

Hapakuwa na njia nyingine ila kuwafufua. Mwenyekiti alisimama mbele ya Kinu akiwa amevua kofia, akakiri kwamba kando ya mto hakuzikwa mtu. Kinu kikasema kimefurahi sana kusikia hivyo. Kikanguruma, kikalima misimu mingine elfu, safari hii mianzi ikiwa mianzi, na punje zikamiminika kwenye ungo kama mvua ya mawe. Alatanga akachambua mbele ya macho yao.

Thelathini na nane.

Mama Tuzo alipiga vigelegele vikasikika mpaka barabarani, na huko nje watu waliokuwa wakisubiri kwenye ukungu wakadakia bila kujua wanashangilia nini. Mwenyekiti alikuwa ameshamshika Alatanga mkono na kuupeleka kwenye ubavu wa Kinu.

"Gumba, Mama Wende. Gumba lako twende shamba."

Pengine angebonyeza. Alikuwa amebonyeza misimu yote iliyopita, ikiwa arobaini, ikiwa arobaini na sita. Lakini punje moja ya bluu ilikuwa imenasa kwenye ukucha wake, na alipoitoa akaipeleka sikioni, kitu ambacho kila mtu alijua kinawezekana na hakuna aliyekuwa akikifanya. Punje ukiiweka sikioni inakusimulia msimu wake. Nyingi ni habari za viazi tu.

"Mvua ya Aprili imezidi," ilisema punje kwa sauti ya mbu. "Mbolea imeshuka. Kisima cha Mkelema kimeingiliwa. Watoto wachanga wanaotumia kisima: mmoja. Midomo ya bluu. Viazi vya Itipula vimestawi vizuri sana."

Mkelema kilikuwa kijiji cha bondeni, chini ya mashamba. Wende, binti yake Alatanga, alikuwa ameolewa huko. Alikuwa anatarajia kujifungua Aprili.

Alatanga akautoa mkono wake.

2

"Sibonyezi" ni neno fupi, na kesho yake mchana lilikuwa limeshafika kila jiko la Itipula. Mwenyekiti alimfuata Alatanga kilabuni, akamkuta amekaa benchi la mwisho, mbele yake kikombe cha ulanzi mbichi ambacho hakukigusa.

"Sheria inasema hamsini," alianza kabla hajakaa. "Wewe una thelathini na nane. Unataka nini, tulime mawe?"

"Nilikijaribu Kinu bila mbolea kabisa. Hata mfuko mmoja."

"Na?"

"Nne. Kinasema vyoo vyetu vipo na ng'ombe wetu wapo. Viazi vinapungua zaidi ya nusu, na bluu bado zipo nne."

"Umeona sasa! Sifuri haipo. Hata ugali unaweza kumkaba mtu, tumeacha kula? Haya, taja namba unayoitaka. Ishirini? Kumi?"

 Alatanga namba hakuwa nayo. Usiku kucha alikuwa amezitazama zile punje thelathini na nane zimelala kwenye kitambaa, na kila alipojiambia kumi ni sawa, aliona kumi.

Mwenyekiti akainama karibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashamba mengi na sauti kubwa, basi.

"Nikuulize kitu, mnyalukolo, ndugu yangu, na usinikasirikie. Wende angeolewa upande mwingine, huko Makete, ungebonyeza au usingebonyeza?"

Kilabu kizima kilijifanya hakisikilizi.

"Ningebonyeza," Alatanga alisema.

"Kwa hiyo gumba la kijiji linamlinda mjukuu wako."

"Ndiyo. Na mwaka jana lilikuwa halimlindi mjukuu wa mtu yeyote. Sijui kipi kibaya zaidi."

Kwa bahati ya Mwenyekiti, nje pikipiki ilikohoa ikanyamaza. Ilikuwa moja ya zile zinazoelea juu ya ardhi, ila ikisikia baridi ya Itipula inakaa chini kama kuku na mwenyewe anaisukuma. Mzee Lutengano Sanga, baba mkwe wa Wende, aliingia akijipangusa umande kwenye nyusi.

"Kamwene, wanyalukolo."

"Kamwene!"

"Kamwene, mkwe," Alatanga alisema akiinuka. "Mwanangu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Jana amekula sufuria nzima ya viazi vya kuchemsha, akauliza vingine viko wapi. Mle tumboni kuna mkulima, mkwe. Tena mwenye eka nyingi."

Watu wakacheka, benchi likasogezwa. Mwenyekiti aliona hapa ndipo pa kupata mtetezi. Akamnyang'anya Mama Tuzo jagi, akamimina kikombe kikajaa mpaka povu likapanda, akampa Mzee Lutengano kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee wangu. Nyinyi wa Mkelema ndio majirani wa kweli. Hebu tusaidie kuongea na mkweo, maana..."

Mzee Lutengano alikipokea kikombe. Akakitazama. Halafu akakiweka juu ya meza, polepole, akakunja mikono.

Vikombe vyote vilishushwa. Hata moto ulipunguza kupasuka.

Huko nyanda za juu anayemimina ndiye anayeonja kwanza. Si kwamba watu wanashukiana. Mama yako mzazi akikumiminia ulanzi atapiga funda moja mbele ya macho yako, atapangusa ukingo kwa kiganja, ndipo akupe, na mtoto wa miaka minne anayecheza kilabu kwa vifuniko vya chupa anafanya hivyo hivyo bila kufundishwa. Mwenyekiti, kwa haraka yake ya kuongea, alikuwa amesahau.

"Eusebio," Mama Tuzo alisema kwa sauti ya chini, "umemtilia nini mgeni wangu?"

"Sijatia kitu! Nimesahau tu, jamani, nimesahau!"

"Marehemu Yeremia naye alisahau hivyo hivyo," sauti ilitoka benchi la nyuma, "angalia alipo sasa."

Kicheko kililipuka. Mwenyekiti alikikwapua kikombe, akanywa, akaendelea kunywa, akakimaliza chote kwa aibu, akamimina kingine, akaonja, akapangusa, akakitoa kwa kuinama kuliko ilivyohitajika. Mzee Lutengano akapokea na kunywa akiwa na machozi ya kucheka.

Alatanga peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama akikitazama kile kikombe kinavyotoka mkono hadi mkono.

"Ndicho hicho," alisema.

"Ndicho nini?"

"Sisi tunamimina juu. Mkwe anakunywa chini. Na hapa katikati hakuna aliyeonja." Alimgeukia Mwenyekiti. "Maji yetu ya bomba tunayatoa wapi?"

"Kwenye chemchemi ya juu, unajua mwenyewe."

"Juu ya mashamba. Tuufunge huo mpira wa maji. Tuweke pampu ya jua kwenye kisima cha Mkelema, tuyapandishe maji yale yale wanayokunywa wao. Yaje kwenye mabomba yetu, kila nyumba."

Watu walimtazama kama mtu aliyependekeza kulala na miguu mtoni.

"Hatari itapungua?" aliuliza Mwenyekiti.

"Haipungui hata punje moja."

"Sasa faida yake ni nini?"

"Sijui," Alatanga alisema. "Nataka tu tukishafanya hivyo uniambie mwenyewe ni mifuko mingapi."

Mzee Lutengano aliweka kikombe chini. "Mkwe, kisima chetu kina maji ya kutosha watu wote wa huku juu. Lakini mje na ndoo zenu. Za kwetu mlishaazima kwenye harusi, hatujaziona tena."

3

Walikutana uwanja wa shule, Itipula yote, na ujumbe kutoka Mkelema ukiongozwa na Mzee Lutengano. Kinu kililetwa kwa toroli kikafunikwa kanga kisipate baridi.

Kupitisha pampu hakukuwa kugumu. Nusu ya watu waliinua mikono kwa sababu ya hoja, nusu nyingine kwa sababu Mama Tuzo alikuwa amesema atakayepinga atauziwa ulanzi uliotiwa maji. Chemchemi ya juu wakapewa ng'ombe, na tangu siku hiyo ng'ombe wa Itipula wakawa viumbe wanaokunywa maji safi kuliko wote nyanda za juu, na walianza kuringa mpaka wakakataa kukamuliwa na mtu mwenye viatu vichafu.

Kisha Alatanga akamwaga zile punje thelathini na nane kwenye ungo.

"Kinu," alisema, "tukinywa kisima cha Mkelema, kwa mifuko minne, bluu zinakuwa ngapi?"

"Thelathini na nane," kilijibu. "Mmehamisha mabomba, hamjahamisha mvua."

"Haya. Anayetaka mifuko minne anyooshe mkono."

Upepo ulipita. Mtu mmoja aliinua mkono kujikuna kichwa, akaushusha haraka. Mwenyekiti alikuwa akimtazama mke wa mwanawe, aliyesimama karibu na mlingoti wa bendera na kichanga mgongoni. Kichanga kile kilikuwa na kofia ya sufu yenye masikio. Kilikuwa kinapiga chafya.

"Kinu," Mwenyekiti alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "ule mfuko wa nne, wenyewe hasa, unatupa nini?"

"Katika kila gunia mia mtakazovuna, mfuko wa nne unawaongezea gunia nne. Mwanzoni viazi hupenda mbolea, vikishashiba huiacha ipite. Inayopita inakwenda mtoni. Mkiuacha mfuko huo, punje za bluu zinashuka kutoka thelathini na nane hadi kumi na mbili."

"Gunia nne!" Mwenyekiti alipaza sauti, sasa ilikuwa imerudi. "Gunia nne tu? Mbona hujasema miaka yote hii?"

"Hamkuniuliza, Mwenyekiti. Kila msimu mmeniuliza kama namba iko chini ya hamsini."

Hapo uwanja ulifunguka. Kila mtu alikuwa na swali kwa Kinu, na wengine walikuwa na maswali mawili na walitaka yajibiwe pamoja. Je, mifuko hiyo mitatu ikitiwa nusu wakati wa kupanda na nusu wakati wa kupandisha matuta? Tisa. Je, mifuko miwili badala ya mitatu? Saba, lakini gunia kumi na tano kati ya mia zinapotea. Kijana mwenye mtoto wa wiki mbili alisema basi iwe miwili, iwe hata mmoja. Mama Tuzo alimgeukia.

"Na mahindi ya kununua utayanunua kwa nini, mwanangu? Huyo mtoto hatakunywa maji tu. Mwaka ule wa viazi kuoza nilizika watoto wa dada yangu wawili, na maji yalikuwa safi kama machozi."

Ubishi uliendelea mpaka ukungu ukaja kusikiliza. Alatanga hakuukatiza. Ulipoelemea mifuko mitatu, nusu kwa nusu, akamwomba Mzee Lutengano aseme, maana Mkelema haikuwahi kuulizwa.

"Sisi tunalima vitunguu," alisema mzee. "Na chini yetu wapo watu, na hatujawahi kwenda kunywa kwao. Leo nimeona aibu hapa nimekaa. Mimi siwezi kuwaambia msitie mbolea. Lakini hizo tisa, kabla hamjazikubali, nipeni nizisikie."

Wakazisikia. Huo ndio ulikuwa utaratibu mpya, na hakuna sheria iliyouandika. Punje tisa zilipita sikio hadi sikio, uwanja mzima, Itipula na Mkelema, kila mtu akiinamisha kichwa kidogo. Katika mojawapo watoto wachanga walikuwa watatu, wawili wa juu na mmoja wa chini. Mwenyekiti aliishika hiyo muda mrefu. Alipoipitisha alivuta kamasi na kusema baridi ya mwaka huu haina adabu.

"Na zikitokea hizi?" aliuliza.

"Tutapima kisima kila Jumatatu," Alatanga alisema. "Kikichafuka tunajua wiki hiyo hiyo, maana ni maji yetu. Na maji ya chemchemi ya juu tutawabebea vichanga wote, hapa na Mkelema, mpaka kisafike. Tutawaomba ng'ombe."

"Watakubali?"

"Ukiwaendea bila kofia."

Ndipo Alatanga akaweka gumba lake ubavuni mwa Kinu. Aliliacha hapo akasubiri, akiwatazama watu, iwapo kuna atakayesema ngoja. Hakuna aliyesema. Akabonyeza, na kule ng'ambo ya barabara ghala likafunguka kwa mlio wa kipofu aliyeona jua.

4

Aprili mvua ilinyesha. Ilinyesha mpaka vyura wa bonde walipanda kwenye paa la shule kuomba hifadhi, na mwalimu akawapa darasa la tatu. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajatia sufuria chini ya bomba, Mwenyekiti Chengula alisimama kwenye bomba la sokoni akiwa na mwavuli, akajaza kikombe, akanywa mbele ya macho ya watu, akapangusa ukingo. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameamua tu kwamba hatasahau tena.

Katikati ya mvua ile Wende alijifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye hasira, aliyelia kwa sauti ambayo Mzee Lutengano aliapa ilisimamisha gari la maziwa kule barabara kuu. Jumatatu tano mfululizo Alatanga aliteremka kisimani na kipimo chake. Jumatatu moja kipimo kilipanda kidogo, kikakaa hapo kikimwangalia. Siku hiyo vichanga wote walikunywa maji ya ng'ombe. Wiki iliyofuata kikashuka.

Juni wakavuna. Viazi vilikuwa vingi na vilikuwa vidogo kuliko walivyoagizwa, na Mwenyekiti alivipeleka kwenye vyombo vya anga viruke navyo, huku ameshajiandaa kutukanwa. Jibu lilikuja baada ya siku chache. Wapishi walikuwa wamejaribu kuvishika na vikawaponyoka kama ilivyotegemewa, vikaelea ukumbi mzima, na wageni, watu wazima wenye suti na vyeo, walianza kuvifukuza vikiwa vimekaangwa na kuvidaka kwa mdomo. Sasa walikuwa hawataki vingine. Walitaka kujua kama Itipula inaweza kulima vidogo zaidi.

Siku ya mwisho ya mavuno watu walirudi uwanja wa shule, maana kulikuwa na jambo moja limebaki. Msimu ukishaisha, ukakirudishia Kinu udongo wa shamba na maji ya kisima, kinatema punje moja tu, ya msimu uliotokea kweli. Zamani ilikuwa inadondoka ofisini na kufagiliwa pamoja na takataka. Safari hii walikuja wote. Wende alipanda kutoka Mkelema na mtoto wake mgongoni, na yule mtoto alikuwa amelala fofofo kwenye kelele zile zote, akipumua kwa mdomo wazi, midomo yenyewe myekundu kama nyanya mtini.

Alatanga hakuhitaji punje kumwambia. Hata hivyo aliufuta ungo mara mbili kabla ya kuuweka chini ya Kinu.

Kinu kilinguruma. Kikatulia. Kitu kidogo kikagonga ungo, kikaruka, kikazunguka ukingoni na kulala.

Nyeupe. Nyeupe kama ulanzi wa asubuhi.

Vigelegele alivianzisha Mama Tuzo, vikadakwa na wa Mkelema, vikarudi. Mzee Lutengano alimkumbatia Mwenyekiti hata kofia ikaanguka. Ng'ombe walitazama kutoka juu kilimani kwa dharau. Alatanga aliiokota punje, na kwa kuwa ndiye aliyebonyeza, aliiweka sikioni kwanza, mbele ya macho yao wote.

"Inasemaje?" waliuliza. "Mama Wende, inasemaje?"

Alatanga alisikiliza. Uso wake ulianza kucheka kabla mdomo haujajua.

"Inasema mvua ilikuwa kubwa. Inasema kisima kilipona. Watoto wachanga wa kisima, wanne, wazima wote. Waliofariki Itipula msimu huu, hakuna." Akamgeukia Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu kuelekea barabarani. "Makaburi mapya kando ya mto, mia tatu na kumi."